Mlezi wangu wa utafiti yuko kimya, na fukusi hawafi

SWALI

Shikamoo mshauri,

Mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu katika shule ya bweni mkoani Tanga. Mwaka huu nafanya utafiti wangu wa sayansi na nataka kuupeleka kwenye mashindano ya Young Scientists Tanzania. Nyumbani mahindi yetu hubunguliwa kila mwaka na dawa ya dukani ni ghali, kwa hiyo nauliza kama unga wa majani ya mwarobaini unaweza kuzuia fukusi.

Nilichuma majani, nikayaanika juani, nikayatwanga. Nikachukua makopo mawili yenye nusu kilo ya mahindi kila moja, nikatia fukusi 20 kila kopo. Kopo moja nikaweka kijiko cha chakula cha unga, lingine sikuweka kitu. Siku ya tatu nikahesabu: kwenye mwarobaini wamekufa 2, kwenye kopo lisilo na kitu amekufa 1.

Mwalimu wa mradi anasema majaji hawatoi alama kwa dawa isiyofanya kazi, niandike kuwa walikufa 14. Mlezi niliyetafutiwa, mhadhiri wa chuo kikuu kimoja katika mkoa mwingine, alinijibu baada ya wiki mbili kwamba niachane na unga, niende kwenye maabara yao nikamue dawa ya mwarobaini kwa heksani (kimiminika cha maabara cha kuyeyushia) chini ya mwanafunzi wake wa uzamili. Niliomba muda wa kufikiri, na tangu hapo nikimwandikia "naomba msaada kwenye mradi wangu" hajibu. Simu bwenini haziruhusiwi, ujumbe wote unapitia simu ya mwalimu.

Sasa ni mwanzo wa Machi na ripoti inatakiwa mwisho wa Julai. Nibadilishe mradi? Nimfuate mlezi? Na hiyo 14 je?

Mwenye Fukusi Sugu, Tanga

JIBU

Marahaba, binti. Tuanze na makopo yako mawili, kwa sababu mambo ya mlezi na ya mwalimu yote yanatoka humo.

Mwarobaini hauui kama dawa ya dukani. Kiini chake kikuu, azadirakitini, humkatisha mdudu hamu ya kula na kutaga, na huvuruga ukuaji wa mdudu ambaye bado anajivua ngozi. Fukusi mzima ameshamaliza kujivua ngozi. Kwa hiyo kumhesabu siku ya tatu kama yu hai au amekufa ni kuupima mwarobaini kwa kazi isiyo yake. Tena jike la fukusi hutoboa punje, hutaga yai ndani, kisha huziba tundu. Buu hukulia humo humo na hutoka akiwa mdudu kamili baada ya wiki tano hivi kwa joto la pwani (nyanda za baridi kama Njombe huchukua muda mrefu zaidi). Unga uliopakaa nje ya punje haumfikii huyo buu. Kama una faida, faida itaonekana kwenye idadi ya fukusi wapya watakaozaliwa, na hao hukuwasubiri.

Kosa la pili ni jua. Mwanga wa jua huivunja azadirakitini, kwa hiyo majani huanikwa kivulini penye hewa, yametandazwa tabaka moja, hadi yavunjike ukiyafikicha. Mbegu za mwarobaini zina kiini hicho kwa wingi kuliko majani. Kama swali lako ni la majani kwa sababu kila mwenye mti anayapata muda wote, baki nayo, na utarajie nguvu ndogo. Ukipata mbegu za kutosha, hamia kwenye mbegu. Usifanye vyote viwili mwaka huu.

Kosa la tatu ndilo zito: umelinganisha kopo moja na kopo moja tu. Ukiwa na kopo moja lenye unga na moja lisilo nao, lazima moja litoke zuri kuliko jingine, na nafasi ya kuwa ni lile la mwarobaini kwa bahati tu ni 1 kati ya 2. Ukiwa na makopo matatu kwa matatu, ziko njia 20 za kuyagawa, na nafasi ya yote matatu ya mwarobaini kuwa na fukusi wachache kuliko yote ya upande wa pili kwa bahati tu inakuwa 1 kati ya 20. Manne kwa manne, njia ni 70. Hesabu hiyo unaweza kuifanya ubaoni mbele ya majaji bila kompyuta, na wataielewa kuliko jedwali la takwimu ulilonakili usilijue.

Sasa hiyo 14. Usiiandike. Jaji anayejua wadudu atauliza swali moja tu: unga wa majani umeuaje asilimia 70 ya fukusi wazima kwa siku tatu? Akiomba daftari lako, umekwisha. Lakini pia usiende kwa mwalimu kumwambia anakufundisha kughushi, kwa sababu utavunja daraja unalolihitaji. Nenda na ukurasa mmoja: "Mwalimu, lile lilikuwa jaribio la awali. Limenionyesha kwamba siku tatu hazitoshi na kopo moja halitoshi. Huu ndio mpango mpya, naomba uukague." Mpe cha kusimamia, na mara nyingi ile namba itasahaulika yenyewe. Akiishikilia, mpelekee mpango huo huo mkuu wa somo la baiolojia. Matokeo ya 2 na 1 yabaki kwenye ripoti kama yalivyo, chini ya kichwa "Jaribio la awali".

Mpango wenyewe ni huu. Makopo 20 yanayofanana, ya ujazo wa nusu lita hivi, yale ya siagi ya karanga yanafaa. Kila kopo gramu 200 za mahindi na fukusi 20. Aina tano za matibabu, makopo manne kila aina: bila kitu, mwarobaini gramu 2, ambayo ni asilimia 1 ya uzito wa mahindi, gramu 5, gramu 10, na ya tano, gramu 10 za unga wa majani ya mwembe yaliyokaushwa na kuchekechwa vilevile. Wengi huiacha hiyo ya tano, na ndiyo itakayokutofautisha. Unga wowote mkavu unaweza kumsumbua fukusi, kwa kumkwangua ganda au kumzuia kutembea kati ya punje. Mwarobaini ukishinda kopo tupu lakini ukalingana na mwembe, basi kilichofanya kazi ni vumbi, si mwarobaini. Majani ya mwembe nayo yana kemikali zake, kwa hiyo andika "unga mwingine wa majani", usiandike "unga usio na dawa".

Jumla ni kilo 4 za mahindi, gramu 68 za unga wa mwarobaini na gramu 40 za mwembe. Andaa mara mbili ya hapo, maana kwenye chekeche hupotea mwingi. Vijiko weka kando. Mizani ya dukani inayosoma gramu nzima haiwezi kupima gramu 2, kwa hiyo omba ile ya maabara inayosoma 0.1. Ukikosea kwa 0.1 kwenye gramu 2 umekosea asilimia 5, unaweza kuvumilia. Hii ndiyo sababu nimesema gramu 200 za mahindi na si 50. Pima unga wa kila kopo peke yake, usichanganye wa makopo manne kwa pamoja kisha ukagawa. Ukitwanga, funga kitambaa puani.

Mahindi yawe ya aina moja, hayajawekwa dawa. Jua kwamba mahindi masafi kwa macho yanaweza kuwa na mayai ndani, na hapo ndipo miradi mingi ya fukusi hufia: wiki ya tano wanatoka wadudu ambao hukuwaweka wewe. Weka mahindi kwenye mfuko uliofungwa, uingie friza ya jikoni siku 7, kisha yatoe yakae wiki nyingine kwenye chombo kilichofunikwa kitambaa mpaka yarudie unyevu wa kawaida. Unyevu upime kwa chumvi: chupa kavu, mahindi hadi theluthi, chumvi kavu kiasi, tikisa, subiri dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yamevuka unyevu wa asilimia 15 hivi na yataota ukungu kwenye makopo. Yaanike tena.

Fukusi nao wana umri. Ukiwaokota ghalani unachanganya vizee na vijana, na vizee watakufa wenyewe wakuharibie hesabu. Chukua mia na zaidi kutoka gunia moja, waweke kwenye kilo 1 ya mahindi uliyogandisha (kwa hiyo gandisha kilo 6 tangu mwanzo), waache siku 10 watage, kisha wachekeche uwaondoe wote. Wiki tano baadaye wataanza kutoka wapya. Kusanya wa wiki moja hadi wafike 400. Hakikisha ni fukusi mwenye mdomo mrefu kama mkonga. Yule mdudu mweusi aliye kama kipande cha mti, asiye na mkonga, anayeacha unga mwingi, ni dumuzi, na hatakiwi humo.

Wachanganye wote kwenye bakuli moja, wahesabu ishirini ishirini, na kila kundi liende kwenye kopo kwa kura. Makopo yapewe namba 1 hadi 20 kwa kura pia, na orodha ya namba ipi ina unga upi akae nayo rafiki yako. Yeye ndiye achekeche, wewe uhesabu wadudu kwenye karatasi nyeupe bila kujua wametoka kopo gani. Funika kwa kitambaa cha pamba na mpira imara, kwa sababu fukusi hupanda hata kioo na huruka. Miguu ya meza iwe kwenye vikopo vya maji yenye matone ya mafuta. Sisimizi wa Tanga usiwadharau.

Hesabu waliokufa siku ya 7 na ya 14 tu. Na hapa uwe na subira: fukusi akiguswa hujifanya amekufa, hukunja miguu na kutulia. Mchokoze kidogo kwa pini, subiri dakika tano, mwangalie tena. Siku ya 7 waliokufa watoe, walio hai warudi pamoja na unga wao. Siku ya 14 waondoe wazima wote, hai na wafu, unga na mahindi yabaki. Kuanzia siku ya 28 chekecha mara mbili kwa wiki, hesabu wapya, watoe, hadi siku ya 56. Usivuke hapo, mdudu mmoja uliyepitiwa kumtoa ataanza kukuletea wajukuu.

Kwa waliokufa tumia marekebisho ya Abbott, ya mwaka 1925, yanayoondoa vifo ambavyo vingetokea hata bila unga: asilimia ya waliokufa kwenye unga, toa ya makopo yasiyo na kitu, gawa kwa 100 toa hiyo ya makopo yasiyo na kitu, zidisha kwa 100. Wakifa asilimia 45 kwenye unga na asilimia 5 kwenye makopo yasiyo na kitu, ni 40 kugawa kwa 95, yaani asilimia 42. Makopo yasiyo na kitu yakiua zaidi ya asilimia 20, kuna ugonjwa, joto au mahindi mabaya, na jaribio lote linarudiwa. Kwa wapya, chora grafu yenye nukta ya kila kopo. Usichore wastani peke yake, wastani huficha kopo lililoota ukungu.

Dawa ya dukani usiiongeze kuwa tibabu la sita. Una kazi ya kutosha, na viuatilifu vinahitaji mtu mzima anayevijua. Vile vidonge vya kufukizia magunia usivikaribie kabisa. Hewa yake imeua watu waliolala chumba kimoja na mahindi.

Nije kwa mlezi. Sidhani kama amekukataa. "Naomba msaada kwenye mradi wangu" ni ujumbe usiojibika: mhadhiri akiusoma usiku hajui aanzie wapi, anauahirisha, unazama. Mlezi mpe uamuzi wa kufanya, wenye namba ndani yake na tarehe mwishoni. Mfano:

"Shikamoo Dokta. Mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu unayenilea katika utafiti wa mwarobaini. Ninapima kama unga wa majani unapunguza uzao wa fukusi. Makopo 20, matibabu matano, marudio manne, gramu 200 na fukusi 20 kila kopo. Jedwali nimeambatanisha. Naomba uamuzi wako kwa mambo mawili. Kwanza, wazima niwaondoe siku ya 7 au ya 14? Pili, unga wa mwembe unafaa kulinganishia, au kuna bora? Nategemea kuanza Mei 8. Ukibanwa na kazi hadi Aprili 24, nitaendelea na siku ya 14 na mwembe, nikujulishe matokeo."

Hiyo sentensi ya mwisho si utovu wa adabu. Inamwondolea deni na inakuondolea wewe kungoja. Itume kwa barua pepe kutoka chumba cha kompyuta cha shule, nakala kwa mwalimu, na mkubaliane siku moja ya kuangalia majibu, tuseme kila Ijumaa ya pili. Simu ya mwalimu ina ujumbe wa kikoba, wa ukoo na wa wazazi mia. Huenda jibu lilishafika likafunikwa. Mlezi wa mbali umhitaji mara tatu: kabla hujaanza, siku ya 14 ukiwa na namba ghafi, na ripoti ikiwa rasimu. Akijibu mara hizo tatu tu, amekulea.

Kuhusu heksani, kataa kwa upole. Inawaka upesi, mvuke wake haufai kuvutwa, na chombo cha kuivukizia kingeshikwa na mwanafunzi wake wakati wewe unatazama. Mbaya zaidi, inajibu swali la mtu mwingine. Mkulima wa Handeni hana heksani, ana kinu. Mwambie: "Nashukuru Dokta, ningependa mwaka huu nibaki na kitu ambacho nyumbani wanaweza kutengeneza, ukamuaji uwe hatua inayofuata." Msomi wa kweli ataliheshimu hilo. Asipoliheshimu, mwalimu akuombee mlezi mwingine: ofisi ya kilimo ya wilaya, vituo vya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, TARI, au Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro, ambako wapo wanaosoma wadudu wa ghalani kama kazi.

Na hili halina mjadala: mawasiliano yote mwalimu au mzazi ayaone, mikutano iwe ofisini au shuleni mkiwa na mtu mzima wako. Mlezi anayetaka ujumbe wa siri au mkutano wa peke yenu, acha naye siku hiyo hiyo na uwaambie nyumbani.

Kalenda inakubeba, ila kwa shida. Mahindi yaingie friza Machi 5, yawe tayari Machi 19, fukusi wazazi watage hadi Machi 29, wapya ukusanye wiki ya kwanza ya Mei, uanze Mei 8. Siku ya 14 ni Mei 22, kabla ya kufunga shule, na hiyo ni bahati nzuri: makopo yatakuwa hayana mdudu mzima, unaweza kuyasafirisha nyumbani kwenye boksi. Yasafiri yote 20 kwa pamoja, yakae chumba kimoja, mbali na ghala la familia. Juni yote unahesabu, Julai 3 ndiyo siku ya 56, na ripoti unaiandikia shuleni. Rafiki mwenye orodha ya namba kama anaishi mbali, akupe orodha ikiwa ndani ya bahasha iliyofungwa, na mdogo wako achekeche.

Andika kila kitu kwenye kaunta buku kwa kalamu ya wino, tarehe, saa, joto la chumba, na ukikosea piga mstari mmoja usifute. Mwisho wa ripoti weka ukurasa wa nani alifanya nini: mwalimu alikagua mpango, mlezi alishauri siku ya kuondoa wazima, mdogo wako alichekecha. Soma pia masharti ya mashindano ya mwaka huu kuhusu idadi ya wanafunzi kwa kila mradi, kabla hujaamua kwamba rafiki yako ni msaidizi au ni mwenzako.

Mahindi ya majaribio hayaliwi wala hayarudi ghalani. Yagandishe tena au yachomwe, usije ukaipelekea stoo ya shule fukusi uliowalea kwa mkono wako.